Meya wa Birmingham aliyefika Mombasa

Mwanafunzi wa historia akiulizwa Joseph Chamberlain alikuwa nani, bila shaka atajibu kwamba alikuwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza wakati wa Vita vya Makaburu. Jibu hilo ni sahihi, ila halitoshi. Kabla ya kukabidhiwa makoloni, bwana huyo alikuwa meya, na umeya wake unastahili kusomwa katika nchi hii ambayo mwaka 2013 iliyaaga mabaraza ya miji na kuzipokea kaunti.

Alizaliwa London mwaka 1836, mwana wa mfanyabiashara wa viatu. Chuo kikuu hakukiona. Akiwa na umri wa miaka 18 alipelekwa Birmingham katika kiwanda cha skrubu ambacho babake alikuwa ametia fedha zake, na humo akatajirika.

Mji wa Birmingham ulikuwa umepata baraza la kuchaguliwa mwaka 1838, kufuatia sheria ya 1835 iliyovunja mabaraza ya kale ambamo wakubwa wachache walikuwa wakichaguana wenyewe kwa wenyewe. Hata hivyo, kura peke yake haikuleta neema. Madiwani wengi walijivunia jambo moja tu: kutopandisha kodi ya majengo. Walipobana fedha hivyo, maskini waliendelea kunywa maji ya visima vilivyochafuliwa na vyoo, na maradhi yakawamaliza watoto wao.

Chamberlain alichaguliwa diwani mwaka 1869. Mnamo Novemba 1873 madiwani wenzake wakampa umeya, kwa utaratibu ule ule tulioujua hapa Kenya hadi mabaraza yalipovunjwa. Alianza na gesi ya taa. Kampuni mbili zilikuwa zikiiuza kwa faida yao, naye akalishawishi baraza lizinunue mwaka 1875 kwa karibu pauni milioni mbili. Waoga walitetemeka kwa deni hilo. Yeye, kwa kuwa alikuwa mtu wa hesabu, alijua kwamba mji wenye kodi ya uhakika hukopeshwa kwa riba nafuu, na kwamba faida ya gesi ingelipa deni na kubakiza akiba. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1876 baraza likachukua na maji, lakini hapo meya alikataa katakata kutafuta faida, akishikilia kwamba maji ni afya ya watu wala si bidhaa ya kuchuma. Tofauti hiyo kati ya gesi na maji ndiyo inayonifanya nimheshimu.

Hayo aliyatenda akiwa na msiba. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka 1863 baada ya kujifungua, na wa pili akafa vivyo hivyo mwaka 1875.

Kazi yake ya tatu haikuwa safi kama hizo mbili. Mitaa ya mabanda katikati ya mji ilibomolewa, na barabara pana ya Corporation Street ikapasuliwa, ikajaa maduka ya fahari. Nyumba za kuwahifadhi waliofukuzwa zilikuwa chache mno.

Mwaka 1876 aliingia Bungeni, na mwaka 1895 akawa Waziri wa Makoloni. Desemba 1902 alishuka Mombasa akiwa njiani kwenda Afrika Kusini, akasafiri kwa reli mpya ya Uganda na kuziona nyanda za juu. Mwaka uliofuata akatoa wazo kwamba Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya wapewe makao katika nchi hiyo, na sehemu iliyokusudiwa ikawa Uasin Gishu. Dhiki ya Wayahudi hao ilikuwa ya kweli. Lakini Mnandi hakuulizwa, wala Mmaasai. Mtu aliyeamini kwamba bomba la maji la Birmingham liamuliwe na waliopigiwa kura na wakazi wake hakuona haja ya kura wala baraza alipoigawa ardhi ya watu wengine.

Mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni ulilikataa toleo hilo. Wakati huo Chamberlain alikuwa amekwisha kujiuzulu uwaziri. Mwaka 1906 alipatwa na kiharusi, naye akafariki Julai 2, 1914, akazikwa Birmingham.