Tippu Tip: Bwana wa Kasongo aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili

Wageni wa Kizungu walioingia Kasongo mwaka 1893 walishangaa. Katikati ya Maniema, safari ya miezi kutoka pwani, walikuta mji wenye nyumba kubwa, mashamba ya mpunga, bustani za matunda na watu waliovaa kanzu na kuzungumza Kiswahili. Aliyeukuza mji huo hakuwepo. Alikuwa Zanzibar, mzee tajiri, na miaka michache baadaye angekaa chini kuandika habari zake mwenyewe.

Jina lake halisi ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Zanzibar katika miaka ya 1830, na baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyeishi Tabora na kuoa katika ukoo wa kitemi wa Unyanyembe. Jina la Tippu Tip alilipata bara. Wapo wasemao ni mlio wa bunduki zake, na wapo wasemao ni kwa sababu ya kupepesa macho.

Umaarufu wake ulianza mwaka 1867 alipomshinda Nsama, mtawala wa Itahwa kusini mwa Ziwa Tanganyika, na kuchukua shehena kubwa ya pembe za ndovu. Mwaka huohuo alikutana na David Livingstone, ambaye baadaye angekwama Kabambare kwa miezi mingi akiuguza vidonda vya miguu. Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara kati ya ziwa na Kasongo. Pembe zilipita hapo zikienda mashariki, mabegani mwa watu, na wengi wao walikuwa watumwa.

Namna alivyopata utawala Utetela ndiyo inayomwonyesha vizuri kuliko vita vyake vyote. Alipokuwa njiani alisikia habari za mabinti wa ukoo wa mtawala wa huko, Kasongo Rushie, waliotekwa zamani wakapelekwa mbali. Alipofika mbele ya mzee huyo alidai kwamba mmoja wao alinunuliwa na babu yake, akamzaa mama yake. Mzee akaamini, akamwachia utawala. Baadaye Tippu Tip alikisimulia kisa hicho kwa maandishi bila haya yoyote, kama mtu anayeeleza biashara iliyomwendea vizuri. Mwarabu wa pwani alijitangaza mjukuu wa mtumwa ili atawale nchi ambayo watu wake wangeendelea kufanywa watumwa.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1870 makao yake yalikuwa Kasongo. Cameron alisaidiwa naye mwaka 1874, na Stanley akasindikizwa naye mwaka 1876 kushuka mto Kongo. Lakini kilichobaki Maniema kuliko safari hizo ni neno moja: ungwana. Kwa watu wa pwani, muungwana ni mtu huru, mwenye adabu, mavazi safi, lugha nzuri na, akijaliwa, elimu ya kusoma na kuandika. Vijana wa Maniema waliojiunga na misafara walijifunza Kiswahili, wakavaa kanzu na kujiita wangwana. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana kutokana nao.

Kuna mfano wa kulinganisha mbali sana na hapo. Kuanzia karne ya 14, katika kipindi cha Mwamko barani Ulaya, wasomi wa Italia walifundisha kwamba utu hukuzwa kwa elimu: lugha, historia, ushairi na maadili, na kwamba maisha ya binadamu hapa duniani yanastahili kuchunguzwa na kuandikwa. Wafanyabiashara matajiri wa Florence waliwalipa wasomi, wachoraji na wachongaji, na mji ukapendeza. Watu wakaanza kusimulia maisha yao wenyewe. Mfua dhahabu Benvenuto Cellini, mzaliwa wa Florence wa mwaka 1500, alisimulia yake kwa Kiitaliano cha mji wake badala ya Kilatini cha wasomi, akijisifu kila ukurasa. Lakini Florence hiyohiyo iliruhusu kuingizwa kwa watumwa kuanzia mwaka 1363, wengi wao wanawake waliotumikia majumbani. Mazungumzo juu ya heshima ya binadamu yalifanyika mezani, na aliyeleta chakula hakuhesabiwa.

Ungwana wa Kasongo ulikuwa na ufa huohuo, ila ulikuwa mpana zaidi, kwa kuwa neno lenyewe lilipata maana kwa kuwepo kwa mtumwa upande wa pili. Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa. Ngongo Lutete, anayetajwa kuwa alikuwa mtumwa utotoni, alipanda hadi kuwa jemadari wa Tippu Tip. Mwaka 1892 alihamia upande wa Wabelgiji, na mwaka uliofuata wao wenyewe wakamuua.

Tippu Tip naye alikuwa amekwisha kujaribu kupatana na Ulaya. Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, chini ya dola ya Mfalme Leopold. Stanley alimshtaki Zanzibar kwa kuvunja mkataba wa wapagazi, na mwaka 1890 akaondoka Kongo kwenda kujitetea. Hakurudi tena. Vita vilipolipuka, mwanawe Sefu aliuawa. Kasongo ilianguka Aprili 1893 na Kabambare mapema 1894. Utawala uliofuata ulijisifu kwamba umekomesha utumwa, kisha ukawalazimisha watu wa Kongo kugema mpira kwa mjeledi.

Zanzibar, katika nyumba yake ya Shangani, mzee huyo alikuwa na mali nyingi. Hutajwa mashamba 7 na watumwa wapatao 10,000. Ni hapo Heinrich Brode, Mjerumani aliyekuwa kazini Zanzibar, alipomshawishi aandike maisha yake. Aliyaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Brode akayageuza kuwa herufi za Kilatini na kuyachapisha Ujerumani mwaka 1902 na 1903, pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Ni miongoni mwa tawasifu za kwanza kabisa za Kiswahili, na bado inasomeka vizuri: sentensi fupi, bei za pembe, madeni, hila, manung'uniko juu ya Stanley aliyemwahidi mengi.

Majuto hayamo. Watawala, wafanyabiashara na Wazungu wanatajwa kwa majina, tena kwa kumbukumbu kali. Wale waliobeba mizigo wanapita kama idadi tu. Mwandishi aliyejua uzito wa kuandika maisha ya mtu mmoja aliona maisha yanayostahili kalamu kuwa ni yake na ya wenzake.

Alifariki Juni 1905 kwa malaria. Mwishoni mwa miaka ya 1950 W. H. Whiteley alikitoa tena kitabu hicho kwa Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kasongo na Kabambare, wajukuu wa wangwana na wajukuu wa waliobeba pembe wanazungumza lugha hiyo moja, na si rahisi tena kujua nani ni wa upande upi.