Sheikh Isa bin Salih: aliyewarudia watu wake na habari wasiyoitaka

Kwa wenye asili ya Ibra, Mudhairib na Al Qabil, wawe wako Maskati, Unguja au London, jina la Sheikh Isa bin Salih Al Harthy si geni. Wengi wanamkumbuka kwa vita. Leo tumeona tumkumbuke kwa jambo gumu kuliko vita, nalo ni kuwaambia watu wake kwamba Maskati hawataiingia.

Sheikh Isa alishika uongozi wa Al Hirth wa Sharqiyah mwaka 1896, baada ya baba yake, Sheikh Salih bin Ali, kufariki. Mwaka 1913 makabila ya bara yalimchagua Salim bin Rashid Al Kharusi kuwa Imamu na kuiteka Nizwa. Sheikh Isa hakukimbilia kujiunga. Alingoja kwanza, lakini alipoingia aliingia kweli. Januari 1915 wapiganaji wapatao 3,000 walishambulia Bait al Falaj, karibu na Matrah. Waliwakuta askari wapatao 700 wa jeshi la Uingereza kutoka India, na mamia ya watu wa bara wakafia hapo.

Septemba mwaka huo huo mazungumzo yalifanyika Seeb na Sultan Taimur, lakini hayakuzaa kitu. Ikapita miaka mitano, si vita si amani. Mwaka 1920 Maskati ikazidi kuibana bara: tende zikatozwa ushuru wa asilimia 25, na makomamanga asilimia 50. Aliyeumia ni mkulima. Julai Imamu Salim akauawa, na Muhammad bin Abdullah Al Khalili akachaguliwa kushika nafasi yake.

Tarehe 25 Septemba 1920, mbele ya Ronald Wingate, mwakilishi wa Uingereza, mkataba ukatiwa saini Seeb. Ushuru ukashuka, usizidi asilimia 5, iwe Maskati, Matrah, Sur au bandari nyingine za pwani. Watu wa bara wakapata ruhusa ya kuingia na kutoka kwa amani, na Sultan asiingilie mambo yao ya ndani. Nao wakaahidi kutoshambulia pwani wala kuingilia serikali yake.

Kulikuwa na chungu nyingine. Waingereza walikataa katakata kulitambua cheo la Imamu, na hapo mazungumzo nusura yavunjike. Ikakubaliwa Sheikh Isa asimame kwa niaba ya watu wa Oman. Fikirini, wasomaji wetu: watu wamefiwa na ndugu zao Bait al Falaj kwa ajili ya uimamu, leo wanaambiwa mkataba haukutambui.

Mbona basi hawakumwita msaliti? Sisi tunaona sababu ni tatu. Kwanza, naye alikuwamo vitani, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia hajui uchungu wake. Pili, hakumaliza jambo peke yake, maana Imamu Al Khalili mwenyewe aliuridhia mkataba. Tatu, walichopoteza na walichopata viliandikwa kwenye karatasi moja, na mkulima aliyeshusha tende zake Sur aliweza kujihesabia mwenyewe kama ushuru umeshuka kweli.

Sheikh Isa alifariki mwaka 1946, Imamu Al Khalili mwaka 1954. Amani ile ilidumu zaidi ya miaka thelathini, hadi mapigano yalipozuka tena katikati ya miaka ya 1950.

Wahenga wamesema mjumbe hauawi. Lakini mkubwa si mjumbe. Tajiri anayepunguza wafanyakazi au mishahara, kisha akabandika tangazo ukutani na kujifungia ofisini, asishangae akirudi asubuhi akakuta watu wapo ila imani haipo. Habari mbaya huletwa na aliyekula njaa pamoja na watu, naye huitaja yote, tamu na chungu, kwa mkupuo mmoja.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Isa. Amin.