Te Rangi Hīroa: Mwanariadha, Tabibu na Mbunge Aliyeandika Habari za Watu Wake

Wazee wa Ukambani husimulia kwamba mababu zao walitoka nyanda za karibu na Kilimanjaro, wakapitia Nzaui, kisha wakaweka makao katika milima ya Mbooni. Kutoka Mbooni walitawanyika: wengine wakaelekea Iveti na Kilungu, wengine wakavuka mto Athi hadi Kitui. Kwa vizazi vingi simulizi hii ilihifadhiwa vinywani mwa wenyewe. Mila za Wakamba zilipoanza kuandikwa kwa kina, mapema katika karne ya 20, mmoja wa walioshika kalamu alikuwa Gerhard Lindblom, msomi kutoka Uswidi.

Huko New Zealand, Wamaori nao wana Mbooni yao. Huiita Hawaiki, nchi ya asili ambako mababu zao waling'oa nanga wakaikabili bahari ya Pasifiki kwa mitumbwi. Nao pia waliandikwa na wageni. Lakini miongoni mwa walioandika habari zao alitokea mwana wao wenyewe, na maisha yake yana mengi ya kumfunza yeyote anayekusudia kuandika juu ya jamii yake.

Mtu huyo ni Te Rangi Hīroa, ambaye kwa jina la Kizungu aliitwa Peter Buck. Alizaliwa Urenui, katika eneo la Taranaki, yapata mwaka 1877, ingawa mwenyewe alizoea kutaja 1880. Baba yake, William Buck, alikuwa wa asili ya Ireland. Mkewe, Ngarongo, Mmaori wa Ngāti Mutunga, hakujaaliwa mtoto. Hivyo, kwa kufuata desturi, jamaa yake aitwaye Rina alimzalia mumewe mtoto. Rina alifariki punde baada ya kujifungua, na Ngarongo akamlea mtoto kama wa tumbo lake. Bibi mmoja wa ukoo, Kapuakore, ndiye aliyemfundisha lugha na mapokeo ya Wamaori. Elimu hiyo ya jikoni ndiyo iliyokuja kuwa akiba yake kubwa.

Mwaka 1896 alijiunga na shule ya Te Aute, iliyokuwa kitalu cha vijana wa Kimaori wenye ari ya kuwainua watu wao. Alikuwa hodari wa masomo na wa michezo pia, akaongoza wenzake katika raga na riadha. Mwaka 1899 aliingia Chuo Kikuu cha Otago kusomea utabibu. Hakuziacha njumu zake nje ya lango la chuo: mwaka 1900, na tena 1903, alikuwa bingwa wa taifa wa kuruka umbali. Mwaka uliofuata alihitimu udaktari.

Taifa alilorudi kulitumikia lilidhaniwa kuwa linakufa. Sensa ya 1896 ilikuwa imehesabu Wamaori wapatao 42,000 tu. Maradhi ya kuja, vita na kupokonywa ardhi vilikuwa vimewapukutisha, na Wazungu wengi waliamini kuwa kutoweka kwao ni suala la muda. Mwaka 1905 Te Rangi Hīroa aliajiriwa kuwa msaidizi wa Māui Pōmare, daktari mwenziwe wa Kimaori, katika kazi ya afya vijijini. Alizunguka akihimiza maji safi, vyoo na nyumba zenye hewa. Hakuwa mganga wa kuagiza kwa mbali. Aliketi katika mabaraza ya wazee, akafuata taratibu za salamu na hotuba, akasema kwa lugha yao. Aligundua kwamba ushauri wa tabibu hupokewa pale tu msemaji anapowaheshimu wasikilizaji wake. Mwaka 1910 alitunukiwa shahada ya juu ya utabibu kwa tasnifu iliyohusu tiba miongoni mwa Wamaori, ya kale na ya wakati wake.

Siasa ilimvuta mwaka 1909, alipochaguliwa kuwa mbunge wa Wamaori wa Kaskazini baada ya kifo cha Hone Heke Ngapua. Mwaka 1912 aliingia katika baraza la mawaziri kwa muda mfupi. Mwaka 1914 alikiacha kiti hicho, akagombea katika jimbo la Bay of Islands na kushindwa kwa kura chache. Hakurudi tena bungeni. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, alikwenda na kikosi cha Wamaori hadi Gallipoli mwaka 1915 akiwa tabibu, kisha akapigana Ulaya Magharibi, akapandishwa cheo kuwa meja na kupewa nishani ya ushujaa.

Safari ya kurejea nyumbani mwaka 1919 ilifungua ukurasa mpya. Ndani ya meli aliwapima askari wa Kimaori vichwa na viungo, kwa kuwa elimu ya siku hizo iliamini kwamba asili ya watu ingeweza kusomwa katika vipimo hivyo. Ingawa serikali ilimpa jukumu la kusimamia afya ya Wamaori, moyo wake ulikwisha hamia kwenye utafiti. Alichunguza ususi na mavazi ya Wamaori kwa kujifunza kusuka mwenyewe. Mwaka 1927 alihamia Makumbusho ya Bishop, Honolulu, akafanya utafiti Samoa na visiwa vingine vingi, na mwaka 1936 akawa mkurugenzi. Kwa miaka mingi aliandikiana barua na rafiki yake, mwanasiasa Apirana Ngata, wakijadili hatima ya watu wao.

Mwaka 1938, mwaka uleule Jomo Kenyatta alipochapisha kitabu chake juu ya Wagikuyu, Te Rangi Hīroa alitoa Vikings of the Sunrise, kitabu kuhusu mabaharia wa Polinesia. Ni sifa kubwa kwa mababu zake. Hata hivyo, ndani yake mna doa. Akitumia mizani ya rangi aliyoirithi kutoka kwa walimu wake, aliwasogeza Wapolinesia karibu na Wazungu na kuwaepusha na watu weusi wa Melanesia. Akadai kwamba mababu walipitia visiwa vya Mikronesia. Wanaakiolojia wa baadaye, kwa kufuata vigae vya vyungu vya Lapita, wameonyesha kwamba njia ilipita Melanesia yenyewe.

Mizani hiyohiyo ilimgeukia. Alipoomba uraia wa Marekani alikataliwa, kwani sheria ya wakati huo ilipima damu, na damu ya mama yake ilimpunguzia thamani. Uingereza ilimpa cheo cha heshima mwaka 1946. Nchi aliyoitumikia hadi kufa haikumpa hata uraia. Alifariki Honolulu tarehe 1 Desemba 1951, na majivu yake yakarudishwa kuzikwa Okoki, karibu na Urenui alikozaliwa.

Wamaori hawakutoweka, na sehemu ya shukrani ni ya matabibu kama yeye. Urithi wake wa kalamu nao ungali unasomwa, pamoja na makosa yake. Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Maisha ya Te Rangi Hīroa yanaongeza neno: hata anayeishika mila anaweza kuwa mtumwa, iwapo ataipima kwa kipimo cha anayemdharau. Atakayeketi na wazee wa Mbooni kuandika simulizi yao hana budi kuchukua bidii ya tabibu huyu na masikio yake mbele ya Kapuakore, kisha atafute mizani yake mwenyewe.