Ndaye Mulamba: mabao 9 ambayo hakuna aliyeyafikia

Kila CAN inapochezwa, jina la Ndaye Mulamba hurudi vinywani mwa wapenzi wa kabumbu, toka Kashuga hadi Kananga, alikozaliwa mwaka 1948. Mwaka 1974 nchini Misri, mshambuliaji huyo wa Zaire alifunga mabao 9. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa, Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire ni yake.

Mwaka 1994 CAF ilimtunukia medali mjini Tunis. Aliporudi nyumbani, majambazi walimpiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini.

Kwenye CAN ya 1998, Burkina Faso, watu walinyamaza dakika moja kumwombolezea. Kumbe alikuwa hai, mkimbizi aliyesahaulika. Alifariki Johannesburg Januari 2019. Rekodi yake ingali imesimama.