Olonana na Swali la Reli

Jioni moja ndani ya matatu itokayo Ngong kuja kwetu Kimuka, kulizuka ubishi uliotufanya tusahau mashimo ya barabara. Kijana mmoja alidai kwamba vitongoji hivi vya Kajiado vinahitaji treni nyepesi, ipite juu ya ardhi kandokando ya barabara, ipunguze msongamano wa Nairobi. Mzee aliyeketi karibu na dirisha akapinga. Yeye alitaka treni izikwe chini ya ardhi ili asiwepo mtu wa kunyang'anywa shamba. Mimi nilinyamaza, maana fikira zangu zilikuwa zimenirudisha kwa mwananchi wa kwanza wa sehemu hizi kuulizwa reli ipite wapi, na watu wake wakae wapi. Huyo ni Olonana, ambaye wengi twamwita Lenana.

Alikuwa mwana wa Mbatian, laiboni mkuu wa Wamaasai. Masimulizi yanasema kwamba Mbatian, akiwa mzee asiyeona vyema, alikusudia kumkabidhi mwanawe mkubwa, Sendeyo, alama za ulaiboni. Olonana akasikia, akadamka mbele ya ndugu yake na kuzipokea yeye. Kweli au hadithi, ugomvi wa ndugu hao wawili ulikuwa wa kweli, na uliwagawanya Wamaasai wakati mbaya kabisa. Kifo cha Mbatian, yapata mwaka wa 1890, kiliangukia kipindi ambacho sotoka ilikuwa ikifagia ng'ombe, na ndui ikifagia watu. Sendeyo alikwenda kusini, upande uliokuwa wa Wajerumani. Olonana alibaki pande za Ngong, na huko akatafuta urafiki wa Waingereza.

Wapo wanaomlaumu hadi leo kwa urafiki huo. Nionavyo mimi, kiongozi ambaye watu wake wana njaa na ndugu yake ni adui hana marafiki wengi wa kuchagua. Aidha, nguvu ya kupigana haikuwa imekwisha kabisa: mwaka wa 1895, katika bonde la Kedong lililo chini yetu hapa, Wamaasai waliushambulia msafara na kuua mamia ya wapagazi. Uchunguzi wa Waingereza wenyewe ulionyesha kwamba msafara ndio ulioanza uchokozi.

Mwaka uliofuata ujenzi wa reli ulianza Mombasa. Mwezi wa Mei 1899 vyuma vilifika kwenye tambarare yenye maji baridi, mahali palipokuja kuwa Nairobi. Kutoka hapo reli ilipanda Kikuyu, ikateremka Bonde la Ufa na kukatiza malisho bora ya Wamaasai kuelekea Naivasha na Nakuru. Mwishoni mwa 1901 ilikuwa imefika Ziwa Viktoria. Serikali iliyotumia fedha nyingi namna ile ilitaka mizigo ya kujaza mabehewa yake, na kwa fikira zake, mizigo ingetoka kwa walowezi wa kizungu, si kwa wafugaji.

Basi mnamo Agosti 1904 Olonana na wazee wenzake waliwekewa hati mbele yao. Iliandikwa kwa Kiingereza, wao wakatia alama. Ilisema kwamba Wamaasai wameamua kwa hiari yao kuhamia maeneo mawili yaliyo mbali na njia ya reli: Laikipia kaskazini na eneo la kusini. Waliahidiwa njia ya upana wa nusu maili ya kuunganisha pande hizo mbili, na kwamba mapatano yangedumu muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo duniani. Njia ile haikutimizwa ilivyoahidiwa. Mapatano yenyewe hayakutimiza hata miaka 7.

Olonana alifariki Machi 1911. Watawala walieleza kwamba, akiwa mahututi, aliwausia watu wake waiache Laikipia. Wanahistoria wameutilia shaka wasia huo, nami nawaunga mkono, kwani ulifaa mno kwa wale waliousimulia. Mwezi uliofuata mapatano ya pili yalitiwa alama, na watu wa Laikipia wakahamishwa na mifugo yao kuletwa kusini. Wamaasai walikwenda mahakamani. Mwaka wa 1913 kesi yao ilitupwa, eti mapatano yalikuwa kati ya dola mbili na hakimu hakuwa na mamlaka nayo. Lenana akabakiziwa jina kwenye kilele cha Mlima Kenya, na baadaye kwenye barabara na shule ya Nairobi.

Sasa niwarudie wabishani wangu. Reli mpya iliyozinduliwa Oktoba 2019 ilivuka Mbuga ya Nairobi juu ya daraja la takriban kilomita 6 ili wanyama wapite chini, kisha ikapenya Milima ya Ngong kwa handaki la kilomita 4 na nusu. Hivyo tayari tunayo ya juu na ya chini, lakini msafiri wa Ngong anayeipanda hupelekwa Syokimau, mbali na mjini, na huko atafute treni nyingine. Treni nyepesi ya Addis Ababa, iliyofunguliwa 2015, ilikuja kusimamisha mabehewa mengi kwa kukosa vipuri. Kuchimba ni ghali zaidi, ingawa Cairo wamekuwa na treni ya chini tangu 1987. Nikilazimishwa kuchagua, namwunga mkono kijana, kwa sababu ya gharama.

Ila hati ziletwe hapa Kimuka kwanza, zisomwe kwa Kimaa na Kiswahili, vituo vikiwa vimechorwa, na fidia imeandikwa kwa tarakimu kabla ya yeyote kutia sahihi. Mzee yule aliteremka kabla yangu. Nilijuta kutomwuliza shamba lake liko upande gani.