Livingstone wa Ujiji na watumishi waliomkatalia

MGENI anayefika Ujiji, mwendo mfupi kutoka Kigoma mjini, huoneshwa miembe na mnara wa ukumbusho pale ambapo Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alimkuta Dk. David Livingstone mwezi Novemba 1871. Masimulizi ya mahali hapo huhusu zaidi namna Wazungu wawili walivyoamkiana.

Jambo lisilozungumzwa sana ni kwamba mzee huyo alikuwa amerejea Ujiji wiki chache kabla, akiwa hoi kwa maradhi na ufukara. Sehemu kubwa ya taabu zake ilitokana na swali ambalo siku hizi huwasumbua wakuu wa kampuni za teknolojia: mtumishi anapomwambia mkuu wake kuwa amekosea njia, mkuu afanye nini?

Livingstone mwenyewe aliwahi kuwa mtumishi wa ngazi ya chini. Alizaliwa Blantyre, Scotland, Machi 19, 1813, na akiwa na umri wa miaka 10 aliingizwa kazini katika kiwanda cha pamba. Alisoma usiku, akawa tabibu na mmisionari, na baada ya kulivuka bara la Afrika kutoka magharibi hadi mashariki akapata sifa kubwa Uingereza.

Sifa hiyo ndiyo iliyomfanya mwaka 1858 akabidhiwe na serikali yake msafara wa mto Zambezi. Huo ulikuwa mradi wa teknolojia kwa kila hali. Alipewa mashua ya mvuke iliyoitwa Ma Robert, pamoja na wataalamu: ofisa wa majini, mwanajiolojia, mchoraji, na John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea.

Mashua ilivuja, ikatafuna kuni bila kiasi, na mwishoni mwa mwaka huo huo maporomoko ya Kebrabasa yakafunga njia. Wenzake walitilia shaka mpango mzima. Livingstone hakutaka kusikia. Aliiandikia serikali kwamba chombo chenye nguvu zaidi kingepita wakati wa mafuriko.

Waliobishana naye waliondoka mmoja baada ya mwingine. Bedingfeld, ofisa wa majini, alitoka mwaka 1858. Mwaka 1859 Thomas Baines, mchoraji, aliachishwa kwa tuhuma za kuiba vifaa, bila kupewa nafasi ya haki ya kujitetea, na hadi anafariki mwaka 1875 alikuwa bado akitafuta kusafishwa jina. Mwanajiolojia kijana Richard Thornton naye alifukuzwa akiitwa mvivu. Mvivu huyo alikwenda kuupima mlima Kilimanjaro mwaka 1861 akiwa na Baron von der Decken!

Kirk alibaki, ila alijifunza kunyamaza. Ukosoaji wake aliutia katika shajara yake, ambamo mwaka 1862 alifikia hatua ya kutilia shaka hata akili ya kiongozi wake. Hiyo ndiyo hasara ya mkuu asiyeambilika. Maneno hayakomi, bali huhamia asikoyasikia. Msafara uliitwa nyumbani, na mwaka 1864 ukafikia mwisho.

Safari ya mwisho, iliyoanzia pwani ya kusini karibu na mto Ruvuma mwaka 1866, ilikuwa ya namna nyingine. Hapakuwa na mashua ya mvuke wala maofisa. Askari wa Kihindi aliwarudisha njiani. Watu wa Anzwani, chini ya Musa, walimwacha wakaenda Zanzibar kutangaza kuwa ameuawa. Aprili 1867, alipoiona ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, wenyeji waliyoiita Liemba, alikuwa na kundi dogo tu.

Mwaka mmoja baadaye mambo yalifika kilele. Msafara ulikuwa uelekee Ujiji, ambako bidhaa zake zilitarajiwa, ukifuatana na Mohamad bin Saleh, Mwarabu aliyekuwa amezuiliwa kwa miaka mingi katika nchi ya Kazembe. Ghafla Livingstone akageuza nia, akataka kwenda kusini kulitafuta Ziwa Bangweulu. Watumishi wakakataa. Ni watano tu waliomfuata, na miongoni mwa waliobaki walikuwamo Susi na Chuma.

Mwandishi wa makala haya haoni kwamba walikosa sana. Walikuwa wametembea miaka miwili, na aliyebadili njia hawakuwa wao.

La ajabu ni kwamba Livingstone naye aliona hivyo. Katika shajara aliandika kwamba hawalaumu mno, kwa kuwa walichoka kama yeye alivyochoka. Mwezi Novemba 1868, baada ya kuliona ziwa lake, aliwapokea tena wote, akikiri kwamba yeye pia ana kasoro zake. Baines hakupata kuambiwa neno kama hilo.

Tusimfanye malaika, hata hivyo. Alifika Ujiji Machi 1869, akakuta mali yake nyingi imeibwa, akavuka ziwa kuingia Manyema. Mwaka 1870 waliokubali kuendelea naye kutoka Bambarre walikuwa watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Februari 1871 walipofika watu kumi waliotumwa na Kirk, wakati huo akiwa Zanzibar, wakagoma na kudai nyongeza ya ujira, yaliyowasogeza ni nyongeza hiyo na hofu ya bastola. Watu hao walikuwa watumwa wa wafanyabiashara wa Kibaniani. Livingstone alimtupia Kirk lawama zote, na nyingi hazikuwa za haki.

Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya sasa. Watumishi wake waliuzika moyo wake huko, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba takriban miezi tisa hadi Bagamoyo.

Walipofika Kwihara, karibu na Tabora, Luteni Cameron wa Uingereza aliwashauri wauzike hapo hapo. Walimsikiliza ofisa huyo, kisha wakakataa, kama walivyokuwa wamemkatalia bwana wao miaka mitano nyuma. Mwili ulizikwa Westminster Abbey, London, Aprili 18, 1874.

Susi na Chuma hawakuwahi mazishi. Walipelekwa Uingereza baadaye mwaka huo, wakamsaidia Horace Waller kuandaa shajara za marehemu zichapishwe. Miongoni mwa kurasa hizo zilikuwamo za Aprili 1868, zinazoeleza jinsi watu wake walivyomwacha.