Gavana aliyeponzwa na bustani yake

Divai si jambo letu, ndugu msomaji, nami sikwenda Vergelegen kuitafuta. Nilikwenda kutazama miti. Shamba hilo kongwe la mizabibu liko Somerset West, Afrika Kusini, chini ya milima, kiasi cha kilomita 45 kutoka Cape Town. Mbele ya jumba lake imesimama mikafuri mikubwa ajabu, jamaa ya ile kafuri tuijuayo sisi katika kuosha na kukafini maiti. Aliyeipanda, miaka mia tatu na zaidi iliyopita, ni Gavana Willem Adriaan van der Stel. Leo yeyote aliyelipa kiingilio hupumzika kivulini mwake. Mwenyewe hakukifaidi.

Bwana huyu alizaliwa Uholanzi 1664. Baba yake, Simon, alizaliwa baharini, merikebu ikielekea Mauritius, na mama yake Simon alikuwa binti wa Monica, mtumwa wa Kihindi aliyeachwa huru. Yaani nyanya yake gavana alizaliwa na mwanamke aliyepata kuwa mtumwa. Nalitaja hili kwa sababu ya yafuatayo.

Mwaka 1699 alirithi kiti cha baba yake, akaitawala Rasi kwa niaba ya Kampuni ya Uholanzi ya Uhindi Mashariki. Mwaka uliofuata akajipatia Vergelegen, jina lenye maana ya mahali palipo mbali. Haki yake nimpe: alikijua kilimo. Alitunga hata kalenda ya kuwaonyesha wakulima wa Rasi mwezi upi wapande nini. Alichimba mifereji, akapanda michungwa na mialoni, na mizabibu isemwayo kuwa ilikaribia nusu milioni. Bustani akaizungushia ukuta wa pembe nane.

Lakini kwa jasho la nani? Walioinama pale ni watumwa, wengi wao watu wa Kampuni yenyewe, waliotolewa Madagaska, Bara Hindi na visiwa vya mashariki. Bwana mkubwa alitumia mali ya kazini kujengea kwake. Walowezi nao walikuwa na uchungu wao, maana gavana na wenziwe waliwanyang'anya soko la nyama na divai. (Hawakuwalilia watumwa, tusidanganyane, walijililia wao.) Wakaandika mashtaka yaliyotiwa saini na watu 63. Gavana akamtia ndani Adam Tas, mmoja wa vinara wao, zaidi ya mwaka. Haikumsaidia. Kampuni ilimwachisha kazi, amri ikafika Rasi 1707, na mwaka uliofuata akapakiwa merikebuni. Shamba likakatwa vipande vinne, likauzwa. Alifariki Uholanzi 1733.

Baada ya hapo bustani ilipita mikono mingi. Mwaka 1917 ilinunuliwa na akina Phillips, matajiri wa dhahabu, na Bibi Florence Phillips ndiye aliyeifufua ile ya pembe nane. Kampuni ya Anglo American iliichukua 1987, na 1992 milango ikafunguliwa kwa umma. Kugeuza bustani ya bwana mmoja iwe ya watu wote si kazi ya kupanda maua tu. Yataka njia za kupita wageni, mahali pa kukaa, na uamuzi wa nini kiachwe kama kilivyokuwa. Mawaridi na kamelia ni mapya, mikafuri haikuguswa.

Katika miaka hiyo ya matengenezo, wataalamu walichimba mahali palipokuwa nyumba ya watumwa. Chini ya sakafu walikuta jeneza, na ndani yake mifupa ya mwanamke. Uchunguzi ulionyesha kwamba alikulia nchi za joto, mbali na Rasi. Jina lake halijulikani, wala dini yake, wala nani alimwosha.

Nilikaa chini ya mikafuri mpaka mlinzi akaja kutuambia kwamba wanafunga.